Kupandisha Ng'ombe wa Maziwa kwa Kazi Ndogo: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Mfugaji anayemwita mhimilishaji nyumbani kwake ni mlaji kama walaji wengine. Ananunua huduma, analipa fedha, na anastahili kupata alichokilipia. Hata hivyo, huduma hii ina tabia yake ya pekee: mnunuzi haoni papo hapo kama amepata alichonunua. Anayenunua kilo ya sukari huiona kwenye mizani. Anayelipia uhimilishaji hungoja wiki tatu ili apate dalili ya kwanza, na miezi miwili au mitatu ili awe na hakika. Katika kipindi hicho chote ng'ombe anakula, maziwa yanapungua, na mtu wa nyumbani anakatiza usingizi wake kumtazama.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya familia zinazofuga ng'ombe wa maziwa mmoja hadi kumi katika ukanda wa pwani ulio kaskazini mwa Dar es Salaam: Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, Bagamoyo mjini na vijiji vya jirani. Wafugaji wengi wa maeneo haya wana shughuli nyingine za kuwapatia riziki. Wapo wanaoondoka alfajiri kwenda kazini jijini na kurudi usiku, wakiwaacha ng'ombe mikononi mwa mama wa nyumbani, watoto au kijana aliyeajiriwa. Familia za namna hiyo hutafuta njia za kupunguza kazi, na wauzaji wa dawa na vifaa hawakosi cha kuwaambia. Lililo muhimu ni kujua kazi ipi inaweza kupunguzwa bila hasara, na kazi ipi haina mbadala.

Kumpandisha ng'ombe ni kazi ya dakika chache. Kazi kubwa ni kumtazama ili kujua siku na saa ya kumpandisha. Kwa hiyo kila njia, kifaa au dawa inayouzwa kwa madai ya kupunguza kazi ipimwe kwa swali moja: je, inapunguza kweli kazi ya kutazama, au inaongeza gharama tu?

Kabla ya kuendelea, ni vyema kueleza istilahi moja. Wafugaji husema ng'ombe "yuko kwenye joto" anapohitaji dume. Katika makala haya, neno joto litatumika kwa maana hiyo pekee. Joto la hewa tutaliita hari.

Gharama ya joto lililopita

Ng'ombe asiye na mimba huingia kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi. Wengine huwahi kufika siku ya 18, wengine huchelewa hadi siku ya 24. Joto lenyewe kwa kawaida hudumu saa 12 hadi 18. Yai huachiliwa saa 10 hadi 14 baada ya joto kwisha, na halikai muda mrefu likiwa hai. Maana yake ni kwamba katika kila wiki tatu mfugaji ana nafasi isiyozidi siku moja. Akiikosa, hakuna fedha wala dawa itakayoirudisha. Atangoja zamu inayofuata.

Hasara yake inaweza kuhesabiwa. Tuchukue mfano wa ng'ombe anayetoa lita 10 kwa siku katika miezi ya mwanzo baada ya kuzaa, kisha lita 3 kwa siku anapokaribia kukaushwa. Mwenye ng'ombe huyo akikosa joto mara mbili, uzazi unaofuata unachelewa siku 42. Kwa siku hizo 42 atakamua lita 3 badala ya lita 10, yaani atapungukiwa lita 7 kila siku. Jumla ni lita 294. Hapo hatujahesabu majani, pumba na mashudu aliyomlisha, wala ndama aliyechelewa kuzaliwa. Kila mfugaji anaweza kuweka namba za ng'ombe wake na bei ya maziwa ya mtaani kwake, akaona ni kiasi gani kinachopotea bila kelele.

Kwa nini ng'ombe wa pwani hujificha

Ng'ombe wa maziwa wengi wa ukanda huu ni machotara wenye damu ya Friesian, Ayrshire au Jersey, koo zilizotoka katika nchi za baridi. Hari ya pwani, hasa kati ya Desemba na Machi pepo za kaskazi zinapovuma na hewa kujaa unyevu, huwachosha. Ng'ombe aliyechoshwa na hari hula kidogo, husimama kivulini akihema, na hana nguvu ya kudandia wenzake. Joto lake huwa fupi, na sehemu kubwa ya dalili zake huonekana usiku na alfajiri, wakati nyumba imelala. Mchana huonekana mtulivu, na mwenye ng'ombe husema, "Huyu haingii kwenye joto." Kumbe anaingia, ila haonwi.

Sababu ya pili ni namna ya kufuga. Ng'ombe aliyefungwa peke yake bandani hana mwenzake wa kumdandia wala wa kumdandia yeye, na dalili iliyo kuu kuliko zote ni ng'ombe kusimama tuli anapodandiwa. Mfugaji mwenye ng'ombe mmoja hana budi kutegemea dalili nyingine: kulia mara kwa mara bila sababu, kutotulia, kupungua kwa maziwa ghafla kwa siku moja, uke kuvimba kidogo na kuwa mwekundu, na ute mwangavu unaovutika kama uzi, ambao mara nyingi hukutwa umekauka mkiani au umedondoka sakafuni.

Sababu ya tatu ni njaa. Ng'ombe aliyezaa kisha akakonda hadi mbavu zikahesabika huweza kukaa miezi bila kuingia kwenye joto. Huyo hafichi kitu. Mwili wake umesimamisha uzazi. Tiba yake ya kwanza ni chakula, maji ya kutosha, jiwe la chumvi na dawa za minyoo. Kumlipia sindano ng'ombe wa namna hiyo ni kumwaga maji mchangani.

Kutazama kidogo, lakini kwa wakati wake

Njia ya kwanza ya kupunguza kazi haina gharama. Badala ya kumtupia ng'ombe jicho mara ishirini kwa siku, mtazame mara tatu kwa makini, dakika 20 hadi 30 kila mara: saa 11 alfajiri kabla ya kukamua, saa 12 jioni jua linapopoa, na saa 3 au 4 usiku kabla ya kulala. Kutazama huku kusichanganywe na kulisha wala kukamua, kwa sababu ng'ombe aliyeelekeza akili kwenye chakula haonyeshi dalili. Wenye ng'ombe wawili au zaidi wawafungulie katika uwanja mmoja wakati huo, mahali pasipoteleza.

Anayefanya kazi hiyo awe mtu mmoja anayejulikana, na apewe uwezo wa kuitimiza. Ikiwa ni kijana aliyeajiriwa, afundishwe dalili, apewe daftari na kalamu, awe na namba ya simu ya mhimilishaji, na awe na ruhusa ya kupiga simu bila kumngoja mwenye ng'ombe arudi kutoka mjini. Nafasi nyingi hupotea kwa kuwa aliyeona hakuwa na mamlaka, na mwenye mamlaka hakuwapo.

Kanuni ya kumwita mhimilishaji ni rahisi. Ng'ombe aliyeonekana kwenye joto asubuhi apandishwe jioni ya siku hiyo. Aliyeonekana jioni apandishwe asubuhi ya kesho yake. Iwapo utaona damu kidogo mkiani, fahamu kwamba joto limekwisha siku moja au mbili zilizopita. Usimwite mhimilishaji wakati huo, kwa maana utalipa bure. Andika tarehe hiyo, kisha anza kumtazama kwa makini kuanzia siku ya 16.

Kalenda inayokufanyia kazi

Njia ya pili ni kalenda ya ukutani na daftari. Mfugaji asiyeandika tarehe analazimika kutazama kila siku ya mwaka. Anayeandika hutazama kwa bidii siku chache tu katika kila wiki tatu. Hakuna kifaa cha bei kinachopunguza kazi kwa kiasi hicho.

Tuchukue ng'ombe aliyepandishwa tarehe 10 Juni. Siku hiyo hiyo, kabla mhimilishaji hajaondoka, mfugaji aandike mambo manne yafuatayo:

- Tarehe 28 Juni hadi 4 Julai: siku ya 18 hadi ya 24. Mtazame kwa makini. Akirudi kwenye joto, hakushika mimba.
- Tarehe 8 Septemba: siku ya 90. Apimwe mimba, hata kama hakurudi kwenye joto. Mtaalamu mwenye uzoefu anaweza kupima kwa mkono tangu siku ya 60.
- Tarehe 16 Januari: siku ya 220. Akaushwe, apumzike siku 60 kabla ya kuzaa.
- Tarehe 17 Machi: siku ya 280. Anatarajiwa kuzaa, akiwahi au kuchelewa siku chache.

Kwa wasiopenda kuhesabu siku, ipo njia ya mkato: kutoka tarehe ya kupandishwa rudi nyuma miezi mitatu, kisha ongeza siku 7. Tarehe 10 Juni inarudi kuwa 10 Machi. Ukiongeza siku 7 unapata 17 Machi.

Baada ya kuzaa, hesabu inaanza upya. Ng'ombe aachwe apumzike siku 45 hadi 60 ili mfuko wa uzazi urudi katika hali yake, lakini joto lolote litakaloonekana ndani ya siku hizo liandikwe, kwa sababu ndilo litakalotabiri linalofuata. Ng'ombe aliyefikisha siku 60 bila joto lolote kuandikwa aonwe na daktari wa mifugo.

Kupima mimba ndiko wengi hukuruka kwa kuona ni gharama ya ziada. Kutorudi kwenye joto si ushahidi wa mimba. Ng'ombe anaweza kuwa alirudi usiku bila kuonwa, na mfugaji akaja kugundua mwezi wa saba kwamba alikuwa anasubiri ndama asiyekuwapo.

Rangi, dume na vifaa

Kwa wenye ng'ombe watatu au zaidi wanaokaa pamoja, mstari wa chaki nene au rangi maalumu ya mifugo juu ya shina la mkia husaidia. Ng'ombe anapodandiwa, mstari husuguliwa na kufutika, hivyo asubuhi mfugaji huona kilichotokea usiku bila kukesha. Njia hii ni nafuu na ya kuaminika kiasi, lakini mvua huosha mstari na kuta za banda husugua. Kwa ng'ombe anayekaa peke yake haina maana yoyote, mtu asiuziwe.

Dume naye hupunguza kazi ya kutazama, pengine kuliko njia zote, kwa kuwa hutambua joto mwenyewe, mchana na usiku. Hata hivyo gharama yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Dume hula kila siku kama ng'ombe wa maziwa na hatoi maziwa. Dume anayezungushwa kutoka banda hadi banda huweza kusambaza magonjwa ya uzazi yanayowafanya ng'ombe warudie joto au kutupa mimba. Pia, baada ya miaka miwili hivi, binti zake mwenyewe huanza kuwa tayari kupandwa, na akiendelea kubaki kundini atazaa na damu yake. Anayeamua kutumia dume ahakikishe amepimwa afya, ajue kizazi chake, na ambadilishe kwa wakati.

Katika mashamba makubwa ya ng'ombe nje ya nchi hutumika vidude vinavyofungwa mguuni au shingoni ili kuhesabu mwendo wa ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe aliye kwenye joto hutembea zaidi. Vifaa hivyo vina manufaa pale mtu mmoja anapohudumia mamia ya ng'ombe. Kwa familia yenye ng'ombe watatu, fedha hiyo itazaa zaidi ikinunua chakula na kumlipa vizuri anayetazama.

Sindano za homoni: zinachofanya na zisichofanya

Njia inayotangazwa zaidi siku hizi ni kuchochea joto kwa sindano, ili ng'ombe waingie kwenye joto siku inayojulikana. Ni njia ya kweli, lakini ina masharti ambayo muuzaji huenda asiyataje.

Sindano inayotumika zaidi ni ya prostaglandini. Huondoa kijinundu cha manjano kwenye ovari, ambacho ndicho kinachozuia joto jipya, na ng'ombe huingia kwenye joto siku 2 hadi 5 baadaye. Haifanyi kazi kwa ng'ombe asiye na kijinundu hicho, yaani aliye mwanzoni au mwishoni mwa mzunguko wake, wala kwa aliyekonda hadi ovari zikalala. Ndiyo maana mtaalamu makini humpima ng'ombe kwanza, au huchoma sindano mbili zilizoachana siku 11 hadi 14. Baada ya sindano, bado kuna kazi ya kutazama, ingawa sasa ni ya siku chache zinazojulikana.

Upo pia mpango unaoondoa kabisa haja ya kutazama. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichapisha utaratibu wa sindano tatu: ya kwanza siku ya kuanza, ya pili siku ya 7, ya tatu siku ya 9, kisha ng'ombe hupandishwa kwa saa iliyopangwa, hata kama hakuonyesha dalili yoyote. Utaratibu huo umeenea duniani kwenye mashamba makubwa. Kwa mfugaji mdogo unadai safari nne za mtaalamu na dawa zaidi ya moja, na ng'ombe bado anaweza asishike mimba. Aulize jumla ya gharama yote kabla ya sindano ya kwanza, asikubali kuambiwa bei kipande kipande.

Tahadhari tatu zizingatiwe. Kwanza, prostaglandini humtoa mimba ng'ombe mwenye mimba. Kwa hiyo asichomwe ng'ombe yeyote kabla ya kupimwa, hata kama mwenyewe anaapa kwamba hajapandwa. Pili, dawa hii hupenya ngozi ya binadamu: wanawake wajawazito na watu wenye pumu wasiiguse kabisa, na anayedondokewa aoshe mahali hapo mara moja. Tatu, dawa hii isinunuliwe dukani na kuchomwa na mfugaji mwenyewe kwa kukisia.

Kupanga pamoja, na kupanga kwa msimu

Sehemu kubwa ya gharama ya uhimilishaji vijijini ni safari. Mhimilishaji anayetoka mjini kwenda kumhudumia ng'ombe mmoja atadai nauli yote kwa mtu mmoja. Majirani watano wa mtaa mmoja wakikubaliana, ng'ombe wao wote wanaweza kupimwa siku moja, wanaofaa kuchochewa wakachomwa siku moja, na kupandishwa katika safari moja. Waliobainika kuwa na mimba au kukonda huachwa, na wenyewe hupata taarifa yenye thamani bila kulipia sindano.

Huko Tanga, kwenye pwani hii hii, wafugaji wadogo wamejiunga katika vyama vya msingi chini ya chama chao kikuu, TDCU, wakiuza maziwa kwa kiwanda cha Tanga Fresh. Ushirika wa aina hiyo huanza kwa ajili ya soko, lakini mahali ambapo maziwa hukusanywa kila siku huwa pia mahali pepesi pa kupatana juu ya huduma. Wafugaji wa Bagamoyo wasio na chama wanaweza kuanza na majirani watano na daftari moja. Wakumbuke tu kwamba ng'ombe waliopandishwa wiki moja watazaa karibu wiki moja, na maziwa yote yataingia sokoni pamoja.

Msimu nao hupunguza kazi. Ng'ombe anayepandishwa katika hari kali ana uwezekano mdogo wa kushika mimba, hivyo hurudiwa mara nyingi zaidi. Kati ya Juni na Agosti pwani hupoa. Mtamba aliyepandishwa katikati ya Juni atazaa mwishoni mwa Machi, masika yanapoanza na majani yanapochipua, jambo linalopunguza kazi ya kukata majani mbali. Ubaya wake ni matope na baridi kwa ndama, ambaye atahitaji banda kavu, pamoja na bei ya maziwa kushuka kipindi ambacho kila mtu anayo. Mpango huu unafaa zaidi kwa mitamba, ambao hawajaanza kutoa maziwa. Ng'ombe aliyekwisha kuzaa asisubirishwe miezi mitano kwa ajili ya msimu. Hapo hasara ya kungoja itazidi faida. Huyo apunguziwe hari kwa kivuli, maji mengi na paa lililoinuka, kisha apandishwe asubuhi na mapema au jioni.

Unapolipa, uliza

Huduma za afya ya wanyama nchini zinaongozwa na Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, iliyounda Baraza la Veterinari Tanzania. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji (NAIC), kilichopo Usa River mkoani Arusha, huzalisha mbegu kutoka kwa madume waliochaguliwa, na zipo pia mbegu zinazoagizwa kutoka nje. Mbegu hizo, popote zilikotoka, hubaki hai ikiwa tu zimehifadhiwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Kwa msingi huo, mlaji ana haki ya kuuliza na kuona mambo yafuatayo:

- Utambulisho. Mwombe mhimilishaji akuonyeshe cheti cha mafunzo na kibali chake. Mtaalamu wa kweli haoni haya kuulizwa.
- Mtungi. Mrija wa mbegu utolewe mbele yako kutoka kwenye mtungi wa naitrojeni. Mbegu iliyobebwa mfukoni au kwenye chupa yenye barafu ya kawaida imekufa, hata ingekuwa ya dume gani.
- Maji ya kuyeyushia. Mrija huyeyushwa kwa maji ya uvuguvugu wa nyuzi 35 hadi 37 kwa muda unaokaribia nusu dakika au zaidi kidogo, na kutumika mara baada ya hapo. Kuuyeyusha kwa kuusugua viganjani ni kuharibu ulichokilipia.
- Jina la dume. Mrija umeandikwa jina au namba ya dume na koo yake. Nakili maandishi hayo, na uhifadhi mrija mtupu. Bila kumbukumbu hiyo, binti anaweza kupandishwa kwa mbegu ya baba yake.
- Ukubwa wa dume. Kwa mtamba au ng'ombe mwenye umbo dogo, omba dume anayejulikana kwa ndama wanaozaliwa bila taabu. Mbegu ya koo kubwa kwa ng'ombe mdogo inaweza kumgharimu maisha yake siku ya kuzaa.
- Mbegu za ndama jike. Mbegu zilizochujwa jinsia huzaa majike takriban 90 katika kila ndama 100, lakini bei yake ni kubwa na kiwango cha kushika mimba huwa chini kuliko cha mbegu za kawaida. Hazimfai ng'ombe ambaye amekwisha kurudia joto.
- Risiti na makubaliano. Kubalianeni kabla ya kazi: ng'ombe akirudi kwenye joto, malipo ya mara ya pili yatakuwaje? Pata risiti yenye tarehe.

Jihadhari na anayeahidi kwamba ng'ombe atashika mimba bila shaka. Hata kazi ikifanywa vizuri, ng'ombe wengi hawashiki mara ya kwanza. Lakini ng'ombe aliyerudia mara tatu asilipiwe mara ya nne kabla ya daktari wa mifugo kumpima na daftari kusomwa upya. Huenda ana ugonjwa, huenda saa ya kumpandisha hukosewa, au huenda mbegu zina kasoro. Vilevile, wapo ng'ombe wachache wenye mimba wanaoonyesha dalili za joto. Kuwapandisha tena kunaweza kuwatoa mimba. Ikiwa kalenda inasema alipandishwa miezi michache iliyopita, apimwe kwanza.

Ukiona umedhulumiwa, anza kwa kuzungumza na aliyekuhudumia, ukiwa na daftari, risiti na mrija. Msipoafikiana, mwone afisa mifugo wa kata, kisha ofisi ya mifugo ya halmashauri. Jambo linalohusu mwenendo wa mtaalamu lipelekwe Baraza la Veterinari. Linalohusu bidhaa bandia au udanganyifu wa kibiashara lipelekwe Tume ya Ushindani (FCC), ambayo inasimamia pia haki za mlaji. Katika ngazi zote hizo, mwenye maandishi husikilizwa kwa urahisi kuliko mwenye maneno matupu.

Kwa kumalizia

Familia yenye kazi nyingi inaweza kuacha kukesha, kuacha kufuga dume, na kuacha kulipia safari zisizo za lazima. Haiwezi kuacha kumlisha ng'ombe, kuandika tarehe, wala kumpima mimba. Anza leo kwa hatua iliyo rahisi kuliko zote: ning'iniza kalenda mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anaiona, andika tarehe ambayo kila ng'ombe alizaa au alipandishwa mara ya mwisho, na hesabu siku 21 kwenda mbele. Anayejua siku hiyo atajua lini atazame, lini apige simu, na lini akatae kulipa.